Dada Yangu na Wasichana wa Kivuko

Dada Yuditi,

Kesho asubuhi napanda gari la moshi kuja Bahi, na kabla sijafika huko ulikolala nataka ujue nakuja kama nani. Watu wa kwa mumeo wana neno lao. Baba Mkubwa ana lake. La kwangu nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Naandika nikiwa katika chumba cha Bibi, yule mwalimu wetu Mdachi, hapa kituo cha misheni. Bibi amekwenda. Homa ilimrudia tena na tena msimu huu wa mvua, wakubwa wake wakamwambia arudi Ulaya akapone, akaondoka kabla uwele haujakomaa. Kitanda wamekichukua, mapazia wameyachukua, hata ile saa iliyokuwa ikikukera wameichukua. Meza imebaki kwa sababu mguu wake mmoja umeliwa na mchwa. Nimeutilia jiwe. Juu yake kipo kile kitabu cha hadithi, maana ameniachia. Hakusema mengi, unamjua. Alikiweka mikononi mwangu akasema, "Cha Yuditi na wewe." Alikuwa anajua umekufa, amekuombea mwenyewe kanisani, na bado akasema hivyo.

Nilikaa nacho muda mrefu bila kukifungua. Nilikuwa na hasira nacho. Nilijua nikikifungua nitamkuta Leni yuko kivukoni na kasia lake, nitamkuta Grete anasoma chini ya dirisha, nitamkuta Tilde anajitazama kwenye maji, wote watatu wazima, na wewe huko Bahi uko chini ya udongo. Niliona kama wamekudhulumu.

Unakumbuka kilivyoanza. Tulikuwa tunashona. Bibi alichoka kusikia wasichana wakigombania sindano, akaingia ndani akatoka na kitabu chenye jalada la rangi ya damu ya mzee, akasema atatusomea, mradi mikono isisimame. Alisoma kipande kwa Kidachi, akakigeuza kwa Kiswahili, na wewe uliyekaa mlangoni ukakigeuza tena kwa Kigogo kwa ajili ya wale waliokuwa bado hawajazoea Kiswahili. Hadithi ilipita vinywa viwili kabla ya kuwafikia, na nadhani ilinenepa njiani, maana Bibi alikuwa akisoma mistari michache nawe unaeleza mpaka uzi unaisha.

Wasichana watatu, baba yao ni mvushaji. Anavusha watu mto mkubwa kwa mashua, mchana kutwa, kwenda na kurudi. Macho yake yanaanza kuingia giza. Leni, yule mkubwa, anashika kasia. Grete wa katikati anataka kwenda mjini kujifunza dawa. Tilde mdogo anataka kofia. Ni hayo tu. Hakuna mfalme, hakuna jini, hakuna vita. Siku ile ya kwanza nilidhani wasichana watachoka, lakini tulipokatisha kwa ajili ya kengele, Bibi aliandamwa mpaka jikoni.

Na ule mto! Sisi tuliojua mto ni mchanga unaochimbwa ili kupata maji ya kutia kibuyuni, tungeelewaje mto unaohitaji mashua mwaka mzima? Mmoja wa wasichana wa Makutupora aliweka kitambaa chini akasema, "Huyo Leni mjinga kweli. Si angoje kiangazi avuke kwa miguu?" Wote wakaafiki. Bibi akaeleza kwamba mto ule haukauki. Wakamtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni akisema jambo la kwao ambalo si vizuri kumbishia. Wewe ukawaambia kwa Kigogo, "Haukauki kwa sababu haujapata wachimbaji kama nyie." Wakacheka hadi Bibi akataka kujua umesema nini, ukamwambia umewaeleza habari za theluji.

Kisha ile siku ya msiba. Nimeikumbuka sana wiki hizi. Bibi alisoma sura ambayo mama yao anafariki kipindi cha baridi. Ukaenda nyumbani ukamsimulia Shangazi Mbeleje mkiwa mnasaga, wewe na sauti yako hiyo isiyojua kusimulia jambo kama limetokea mbali. Shangazi akaelewa kwamba Leni ni ndugu wa Bibi, na kwamba Bibi amefiwa na amekaa nalo moyoni peke yake, kimya, kama wanavyofanya Wazungu. Kesho yake kabla jua halijapanda alikuwa hapa, amefunga kaniki, nyuma yake wanawake wa mtaa mzima, unga kwenye vikapu, kuku mkononi. Waliketi chini mbele ya baraza hii bila kusalimu, kama ilivyo desturi, wakaanza kulia.

Bibi alitoka na nywele hazijafungwa. Tukamweleza, wewe na mimi, tukipokezana kwa aibu. Nilitegemea acheke. Aliingia ndani akavaa gauni lake jeusi, akatoka akaketi chini pamoja nao. Alipokea unga. Alipokea kuku. Walipomaliza kulia Shangazi alimuuliza, "Na hao watoto, nani anawapikia sasa?" Bibi akajibu, "Mkubwa wao." Shangazi akatikisa kichwa akasema, "Huyo hataolewa mapema."

Bibi hakuwahi kumweleza Shangazi ukweli. Nawe ulinikataza. Ulisema, "Amelia machozi ya kweli, sasa unataka kumwambia yalikuwa ya nini?"

Ugomvi wetu ulianzia hapo, si ndiyo? Wewe na Leni wako, mimi na Grete wangu. Ulisema Grete ana kiburi, anasoma wakati wenzake wana malengelenge mikononi. Nikasema Leni ni mtu aliyezoea kifungo mpaka anakiita nyumba, maana amevusha watu maisha yake yote na hajawahi kutembea ng'ambo kupita pale mashua inapofungwa. Tulibishana kisimani, tulibishana tukichambua mlenda, tulibishana hadi Mama akauliza hao Wadachi wanatulipa kiasi gani kwa kuwagombea. Wasichana wengine nao walishika pande. Tilde alikuwa na watu wake, tena wengi, wale waliojua uchungu wa kutamani shanga usizopewa.

Nimejiuliza kwa nini kilitushika vile, kitabu cha watu wanaokula viazi na kuogopa barafu. Wakati ule nilidhani ni kwa sababu ya ugeni wake. Sasa naona ni kinyume. Ugeni uliisha baada ya kurasa chache. Kilichobaki ni nani analala karibu na ukuta, nani ametumwa maji mara ya pili wakati mwenzake amekaa, nani anasifiwa kwa kazi ya mwingine. Hakuna theluji Dodoma, lakini dada mkubwa yupo katika kila tembe. Na yule aliyekiandika hakumpendelea hata mmoja. Kila dada ana haki yake na kila mmoja anawaumiza wenzake kwa haki hiyohiyo. Ukikisikiliza unamchagua mmoja, na ukishamchagua umejitaja.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuchagua upya.

Sasa nikueleze yaliyotokea.

Ulipofariki, habari zilikuja na mfanyakazi wa reli, ndugu wa mumeo. Nilifika Bahi umekwisha kuzikwa. Hewa ilikuwa nzito ya mbu na maji yaliyosimama, vyura wanalia mchana, na mama mkwe wako alikuwa amembeba binti yako Nyemo mgongoni kwa kaniki yako. Mtoto alinitazama kama anavyotazama mgeni. Alikuwa hajui kwamba amepungukiwa. Nilimchukua, akashika sikio langu, akalala.

Matanga yalipokwisha, Baba Mkubwa alikuja nyumbani pamoja na mjomba wa mumeo na kibuyu cha pombe. Unajua kibuyu hicho kina maana gani kikija baada ya msiba. Baba Mkubwa hakuzunguka. Alisema, "Nyumba ya dada yako haina mtu. Mtoto analia. Wewe upo. Basi." Kwamba niingie nyumba yako, nilale kwenye ngozi yako, nikae na mumeo. Shangazi Mbeleje naye alikuwapo, akaongeza kwa upole wake, "Mwanaume si mbaya. Hapigi. Anafanya kazi relini. Unangoja nini, kitabu kikuoe?"

Nilisema nitafikiri, nikarudi hapa kituoni, na hapo ndipo nilipokifungua.

Nilitafuta sura ya Grete kuondoka. Nilitaka anipe nguvu ya kukataa. Naijua sura hiyo karibu yote kwa moyo: asubuhi ya ukungu, sanduku lake la mbao, jinsi asivyogeuka nyuma. Nilikuwa nikiisoma kwa ajili ya mgongo huo usiogeuka. Safari hii nilisoma polepole, kwa sababu Kidachi changu kimefifia tangu Bibi aondoke, na kwa kusoma polepole nikaona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yakiliruka. Grete yuko ndani ya mashua. Mashua inakwenda. Nani anapiga kasia?

Ni Leni, Dada. Leni ndiye anayemvusha. Imeandikwa wazi, na msuli wa mkono wake umetajwa, na pumzi yake. Mimi nilikisoma kitabu kile tangu sijavunja ungo na sikuwahi kuona kasia liko mikononi mwa nani.

Nikakifunga. Nikakumbuka mwaka ule wa njaa, Baba Mkubwa alipokuja kutuondoa shule wote wawili. Alisema wasichana wawili kukaa kwa Wazungu wakati nyumbani hakuna chakula ni aibu. Ulikuwa unachanja kuni. Hukuweka hata shoka chini. Ulisema, "Mimi niko tayari. Yule wa Bahi aliyeleta maneno ya posa, mwambieni aje. Perusi abaki asome." Nilisikia. Nilikuwa nimesimama palepale. Na nilidhani unasema kwa kuwa unampenda yule wa Bahi. Ulikuja kumpenda, hilo nalijua, sisemi ulionewa. Ulikuwa ukicheka naye kama mtu aliyecheka naye tangu utoto. Lakini siku ile hukuwa umemwona hata sura.

Basi nikajua jibu langu, na halikuwa la Grete peke yake. Ulikubali kwenda ili mimi nibaki. Nikiingia nyumba yako sasa kujaza nafasi yako, nitakuwa nimekitupa ulichoninunulia kwa maisha yako. Lakini nikibaki hapa, nifundishe wasichana wa kituoni, niwe mtu wa vitabu anayesifiwa na mapadri, Nyemo atakua bila kujua hata sauti uliyokuwa nayo. Hilo nalo nililikataa. Nililikataa kwa nguvu ileile.

Nilikwenda kwa Padri. Nilikuwa nimesikia wanampeleka Mwalimu Yona na mkewe kufungua kanisa dogo Bahi, karibu na stesheni. Nikamwambia nataka kwenda nao nikafundishe wasichana. Padri alivua miwani akaifuta. Alisema, "Wasichana wa Bahi hawajaomba shule." Nikamwambia, "Hata mimi sikuomba, Padri. Nilikuja kushona." Aliirudisha miwani machoni. Kisha akasema hana mshahara wa kunipa, ila chakula nitakula kwa Yona. Nikamwambia inatosha.

Ndipo nikamwita Baba Mkubwa.

Alikuja na mjomba wa mumeo, na safari hii mumeo mwenyewe alikuwapo. Amekonda. Alikaa karibu na mlango, hakunitazama. Mama alikuwa anapepeta uwele pembeni na Shangazi yuko naye. Nilipiga magoti nikawasalimu wote kama inavyopasa, kisha nikamuuliza Baba Mkubwa, "Baba, Nyemo ni nani kwangu?"

Akasema, "Mwanao. Wewe ni mama yake mdogo."

"Tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa. Swali gani hilo?"

"Basi mimi ni mama yake tayari. Sihitaji kuolewa ili niwe kile nilichokuwa tangu azaliwe. Nakwenda Bahi. Nitakaa kwa Mwalimu Yona, nitafundisha, na mtoto nitamlea, kwa kuwa ni haki yangu na wala si zawadi ya mtu. Lakini nyumba ya dada yangu siingii."

Nilisikia ungo wa Mama umenyamaza, kisha ukaendelea. Mjomba wa mumeo alimgeukia Baba Mkubwa akasema, "Huyu mmemsomesha nyie." Shangazi akacheka kwa pua, akajibu, "Kusoma wapi. Huo ni ulimi wa bibi yake, na bibi yake hakujua hata a."

Baba Mkubwa alikasirika, Dada, na sitakuficha. Habari za ng'ombe wa mahari watazungumza wao kwa wao, na najua hazitakuwa rahisi. Aliponyanyuka aliniambia, "Siku utakayotaka mume usinitafute. Sitasimama kwa ajili yako." Alisema bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu Baba Mkubwa akipiga kelele husahau. Tangu kufa kwa Baba yeye ndiye ukuta wetu. Sasa sina ukuta upande huo. Nimelala nalo, nimeamka nalo, na bado sijataka kulibadilisha neno langu.

Mumeo alibaki nyuma wengine walipotoka. Alisimama akashika kofia yake ya reli, akasema, "Shemeji, mimi sikutuma mtu. Mjomba ndiye aliyetaka." Kisha akasema, "Yuditi alikuwa anamwambia mtoto habari za mto. Sizijui. Kama unazijua, mwambie."

Niliitika kwa kichwa tu.

Kwa hiyo uliendelea. Huko Bahi, na maji yote yale ya mvua mbele ya mlango, ulikuwa unamsimulia mtoto asiyejua kusema. Sijui ulikuwa umefika wapi. Sijui kama ulimfanya Leni mzuri kupita kiasi, kama ilivyokuwa kawaida yako. Nitaanza mwanzo, na nitamtendea haki Leni kuliko ulivyowahi kumtendea haki Grete.

Mama mkwe wako hanitaki. Alishatuma neno kwamba mwanamke anayekataa kaya yake asitegemee kuupata mlango wazi, na kwamba shule haitaingia kwake. Sawa. Shule haitaingia kwake. Nitaenda mimi, bila kitabu, asubuhi, nipige hodi, nimsalimu mbukwa, nikae chini nisage naye. Akinifukuza nitarudi kesho yake. Nitasaga mpaka achoke kunifukuza. Sina haraka na sina mahali pengine pa kwenda, na mwanamke yule, Dada, pamoja na ukali wake wote, amembeba mtoto wako tangu siku ile na hajamtua. Siendi kugombana naye. Nakwenda kumsaidia kubeba.

Mama hajasema lolote kuhusu mambo haya yote, si ya kunisifu wala ya kunilaumu. Lakini leo asubuhi alikuja hapa kituoni kwa miguu, na kichwani amebeba jiwe la kusagia, lile dogo la mkononi, la kwake mwenyewe, lililochimbika mahali pa vidole vyake. Aliliweka mlangoni akasema, "La kule watakuazima pamoja na masimango." Akarudi. Sijui nitalibebaje kwenye gari la moshi, lakini nitalibeba.

Wasichana wa hapa nimewaaga. Mke wa Padri atawashonesha mpaka apatikane mwingine. Waliniuliza kama naondoka na kitabu, nikasema ndiyo, na mmoja wa wadogo akasema si neno, wao wanakijua. Kisha wakaanza kubishana mbele yangu kama Leni angeweza kumkatalia Grete siku ile ya ukungu, na wengine wakasema angeweza, na wengine wakasema hapana, sauti zikapanda, hakuna aliyekumbuka tena kuniaga. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza. Hawajawahi kukuona wewe, wale wadogo. Lakini maneno waliyokuwa wanayatumia ni yako, Dada. Yale ya Kigogo, uliyoyapachika wewe.

Sasa pumzika. Sitakuambia usiwe na wasiwasi, maana wewe ulikuwa na wasiwasi hata ukiwa umelala. Nakuahidi jambo moja tu, na hili nalisema nikiwa na akili zangu zote: mtoto wako hatapelekwa mahali kwa sababu tu pana nafasi wazi ya kujazwa. Mtu akija na kibuyu kwa ajili yake, atanikuta nimekaa mlangoni. Ataulizwa yeye mwenyewe kwanza, na atakuwa anajua kusoma, na atajibu.

Mdogo wako,
Perusi